Jambazi, Simama Nipime Koti

Mwaka mzima fundi cherehani alikuwa akiweka pesa za kununua ovaloki, cherehani ya kumalizia kingo za nguo, na sasa mumewe alizitaka pesa hizohizo kwa mashine mpya ya gemu.

"Kwani ya zamani imekufa?"

"Haijafa, Mama Pacha. Ila hii mpya picha zake ni kama kweli. Unaona hadi uzi wa nguo!"

Ulimi ulimponza. Kumtajia fundi uzi ni sawa na kumwonyesha paka panya.

"Twende nikauone huo uzi. Nisipouona, usinitajie tena hadi pacha waoe."

Dukani, muuzaji mwenye kitambi aliwasha mashine, akampa mume padi ya kuchezea. Kwenye skrini kubwa ukutani akatokea jambazi mwenye koti refu, polisi wakiwa nyuma yake.

"Msimamishe," fundi akaamuru.

"Nikimsimamisha watampiga risasi!"

"Wampige. Mgeuze mgongo."

Jambazi akapigwa, akafa, akafufuka, akageuzwa, akapigwa tena. Fundi alivua futi shingoni, akapanda kiti, akampima mabega.

"Dada, hiyo skrini haishikwi!" muuzaji akalalamika.

"Siishiki, naipima."

Miezi miwili sasa mteja wake mmoja, mwalimu mkuu, alikuwa akimrudishia koti alilomshonea, eti linambana akiinua mkono ubaoni. Na huyu mhuni hapa anapanda kuta, anarusha ngumi, koti limetulia tuli.

"Mwinue mkono. Juu zaidi, baba, usimwonee huruma! Ahaa! Kumbe wameongeza kipande kwapani!"

Akachora haraka nyuma ya karatasi ya bei.

Mume, meno yote nje, akauliza, "Si umeona mwenyewe? Inastahili bei yake, haistahili?"

"Inastahili, tena sana."

Muuzaji akaanza kushusha boksi.

"Ndiyo maana ikae hapahapa," fundi akaendelea, akikunja mchoro wake. "Umeme wao, skrini yao. Pesa zangu zina ovaloki ya kununua. Sisi Jumamosi tunarudi, nataka kuiona suruali yake."

Boksi likarudi juu. Mume alifungua kinywa abishe, kisha akatafakari: Jumamosi, skrini kubwa, saa nzima bure, tena kwa amri ya mke.

"Na kofia je?" akauliza kwa upole. "Kofia nayo, Mama Pacha, naona ina mishono migumu sana."