Jina Nalihifadhi

Gladness alifika Bunju, nyumbani kwa Vaileth, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huku akimwomba Mungu watu wa jumuiya wachelewe. Wapi! Watu wale wale ambao kila Jumamosi hupigiwa simu mara tatu ndipo watoke kitandani, leo walikuwa wameshajaa sebuleni kabla mwenyeji hajamaliza kutandika mkeka. Walikuja kuona.

Na aliyewaita ni yeye Gladness, mwalimu wa waumini wapya, mwanamke aliyekaa kanisani miaka ishirini. Juzi Vaileth alimwambia jambo ambalo hata mumewe halijui: baada ya mimba tatu kuharibika alikwenda kwa mganga Chanika, akafungwa hirizi kiunoni, na mpaka leo, ingawa ameshabatizwa, anaogopa kuivua. "Dada, nifundishe namna ya kuivua," alisema, akalia. Gladness naye alilia. Kisha alipofika nyumbani kwake akaandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: "Hoja ya maombi. Dada yetu mmoja, jina nalihifadhi, mchanga katika imani, bado ana hirizi kiunoni akitafuta mtoto. Tusimame naye."

Jina nalihifadhi! Katika jumuiya yenye mchanga wa imani mmoja tu, na mke asiye na mtoto mmoja tu. Vaileth alikuwa na simu ya kitochi isiyo na WhatsApp, hakuwamo kwenye kundi, na Gladness alijipa moyo kwamba hatajua. Asubuhi yake aliufuta ule ujumbe, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa Vaileth alikuwa anapita na birika la chai, na hakuna aliyemtazama usoni. Wote walimtazama kiunoni. Mumewe, Isack, alikaa karibu na mlango na kitabu chake cha nyimbo, hana habari. Na Mama Felicitas, mzee wa kanisa, alikuwa ameweka kibiriti juu ya Biblia yake.

"Leo neno liwe fupi, mwalimu," Mama Felicitas alisema. "Tuna kazi."

Gladness alielewa kazi gani. Akinyamaza, Vaileth ataumbuliwa mbele ya mumewe, na hataukanyaga tena mlango wa kanisa. Akisema, ualimu wake umekwisha. Aliogopa, na kwa kuogopa akaanzisha wimbo. Ukaisha beti zote. Akaanzisha mwingine.

"Nyimbo zinatosha." Mama Felicitas alisimama na kibiriti chake. "Vaileth mwanangu, njoo hapa katikati. Hicho cha kiunoni tukichome leo leo."

Vaileth alitua birika. Hakumtazama Mama Felicitas. Alimtazama Gladness.

"Kiunoni kuna nini?" Isack aliuliza.

"Mama, kaa chini," Gladness alisema. "Kosa ni langu mie. Aliniambia mie peke yangu, mie nikawaandikia nyie wote. Nikaandika jina nalihifadhi, nikijua mtamjua. Nikauita maombi, kumbe umbea. Vaileth, nisamehe."

Isack alimgeukia mkewe.

"Nitakwambia, baba," Vaileth alimwambia polepole. "Tukiwa wawili."

Kisha akabaki amesimama pale pale. Kwa miezi mitatu Gladness alikuwa akimfundisha kuomba kwa sauti mbele za watu, na kila Jumamosi alikataa, anainamisha kichwa na kusema hana maneno.

"Mwalimu, ulisema siku nikipata la kuomba, niombe," alisema. "Leo ninalo. Tufumbe macho."

Walifumba. Mama Felicitas alifumba akiwa amesimama, kibiriti mkononi.

"Baba Mungu," Vaileth alianza, "namleta kwako dada yetu mmoja. Jina nalihifadhi. Ana miaka ishirini kanisani, na ulimi wake bado haujaokoka. Tusimame naye. Na mie kiuno changu unakijua, mambo yake tutayamaliza mie na wewe. Yeye ulimi, mie hirizi; tukuze wote wawili. Amina."

Aliyeitikia wa kwanza alikuwa Gladness.