Sehemu ya Sekope

Kompyuta ilikuwa moja, wenyewe wawili. Sekope ndiye aliyeigawa diski yake sehemu mbili, moja yake, moja ya dada yake Kalolaine, kwa maana kwa mila ya kisiwani kwao, pale Nuku'alofa, kaka na dada wakishakua hutengana kwa heshima: hawaketi chumba kimoja kutazama picha, wala mmoja hapekui vitu vya mwenzake. Upande wake Kalolaine alichapa vijitabu vya mazishi vya kanisa. Wa kaka yake hakuufungua hata siku moja.

Kisha Sekope akaanguka shambani, kwenye viazi vikuu, na hakuinuka tena. Mwaka mzima Kalolaine alivaa nyeusi. Mwaka ulipokaribia kuisha alianza kutengeneza kijitabu cha kumkumbuka, kompyuta ikagoma kuhifadhi: upande wake umejaa.

Akamwita Lisiate, fundi aliyefanya kazi na marehemu. Mwenyewe alisimama mlangoni, kompyuta kaipa mgongo. Lisiate alinakili vitu vyote vya Sekope kwenye diski ya nje, ili apelekewe Lupe, mjane wake, akafungua faili moja moja kuona kama zimefika nzima. Ukubwa wa kila sehemu aliutazama mara mbili. Ukikosea ukafuta ya jirani, umekwisha.

Kabla ya kufuta akasita. "Dada Kalo, humu kuna folda ina jina lako. Nikufungulie?"

"Ameniandikia mimi?"

"Sijui. Imeandikwa Kalolaine tu."

Hakugeuka.

"Alipokuwa hai sikuingia chumbani kwake," alisema. "Leo hawezi kunikataza, ndiyo nivamie? Mpelekee Lupe. Kama kuna langu, ataniambia."

Lisiate akafuta. Kwenye skrini, mahali pa sehemu ya Sekope, pakabaki utepe mweusi usio na jina. Akaunda sehemu mpya hapo hapo, akaifomati iwe tayari kupokea faili. Dakika mbili hazikufika. Alipouliza aiite nini, Kalolaine alimwambia lolote, naye akaandika "Kazi".

Kijitabu kikahifadhika. Lupe akapokea diski, akashukuru, asiseme neno juu ya folda ile. Miezi ikapita. Kila Jumapili mawifi hao walibusiana mashavuni mlangoni pa kanisa, Kalolaine akauliza hali za watoto, akangoja kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akarudi nyumbani kuchapa majina ya marehemu wa watu wengine.