Gia ya Pili

"Inaimba hiyo," baba alisema, akakanyaga mafuta.

Mlima ulikuwa mbele yetu, nami nilikuwa nimekalia kuti kavu. Chini ya boneti palikuwa na supachaja tuliyoifunga asubuhi ile kwenye gari la daktari wa meno, mteja wetu tangu nikiwa shule ya msingi. Kazi ya supachaja ni kusukuma hewa nyingi ndani ya injini. Kompyuta ya gari, isipopangwa upya, haina habari na mgeni huyo. Inaendelea kutoa mafuta kwa kipimo kilekile cha zamani, na pistoni zinaungua.

Nilikuwa nimemwambia. Laptop ilikuwa tayari juu ya benchi, waya mkononi mwangu.

"Binti yangu," alinijibu, "nimetengeneza injini kwa masikio haya kabla mama yako hajanijua. Hiyo kompyuta imezaliwa jana."

Nilicheka, maana alisema kweli. Watu walitoka mbali kumletea magari asikilize tu, na alikuwa hakosei. Nikakunja waya wangu.

Siku hizi karakana naiendesha mimi, na gari halitoki nje kabla sijaichomeka kompyuta. Wateja wananiita Bibi Subiri. Waache waniite.

Siku ile, tulipoanza kupanda mlima, kwenye gia ya pili, nikausikia mlio: ti-ti-ti, kama changarawe ndani ya kopo. Nikamtazama baba. Alikuwa na mazoea ya kuficha kosa ili nilitafute mwenyewe, nikadhani ananipima. Nikanyamaza. Gia ya tatu changarawe zikazidi, na yeye bado anatabasamu.

"Baba, inagonga!"

"Wapi?"

Hakuwa na kejeli. Aligeuza kichwa, akatega sikio la kushoto, kama alivyokuwa akifanya nyumbani miezi kadhaa, mama akilalamika kwamba siku hizi anajifanya hasikii. Kabla hajaondoa mguu, injini ikapiga kishindo kimoja, ikazima. Moshi ukatufunika.

Tulikaa kando ya barabara.

"Ulianza kusikia lini?"

"Gia ya pili."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akampigia daktari simu, akamwambia kosa ni lake peke yake, binti hakujua kitu. Nami nikanyamaza tena.