Ngozi na Mbavu

Mume wangu Kibii alifundisha Kiingereza miaka thelathini hapa Olenguruone, na mpaka leo anasahihisha hata meseji za rambirambi. Kwa hivyo binti yetu Chesang alipomwandikia kutoka Lanet kwamba yeye ni "hidebound", tusi lenyewe halikumwuma. Kilichomkera ni matumizi ya neno.

Chesang alikuwa amemwomba kwa mara ya nne aende hospitali akapimwe tumbo. Tangu Krismasi chakula kilikuwa kinamshinda, na suruali anaifunga kwa kamba. Lakini yeye alishikilia kuwa ni baridi tu ya milima ya Mau, na kwamba babake mzazi hakuwahi kulazwa hata siku moja. Nilibishana naye mpaka nikachoka.

Asubuhi baada ya meseji hiyo, nikimkamua ng'ombe wetu Madoa, alikuja bomani na kamusi yake kubwa kwapani.

"Mama Chesang, hii mtoto yako tulimsomesha bure! Sikiza. Hide ni ngozi. Bound ni kufungwa. Siku hizi wanasema ni mtu amekwama kwa mambo ya zamani, lakini mwanzo ilikuwa ng'ombe! Ng'ombe amekonda mpaka ngozi imeshikana na mbavu. Ukivuta, haitoki."

"Hiyo si hata mimi naijua?" nikamwambia. "Si ndivyo tunapima ng'ombe akiwa mgonjwa?"

Alifurahi kama vile nimepita mtihani. "Haya, angalia." Akashika ngozi ya Madoa ubavuni, akaivuta. Ilimjaa mkononi. Alipoiachilia ikarudi mahali pake. "Unaona? Hata huyu si hidebound. Sasa mimi naingia wapi hapo?"

Kazi hiyo ndogo ilimwacha ameegemea ubavu wa Madoa. Hasira ilinipanda, na ndani ya hasira kulikuwa na woga mtupu. Niliweka ndoo chini.

"Inua hiyo sweta, Mwalimu."

"Kwani mimi ni ng'ombe?"

"Inua."

Aliinua, akicheka. Niliweka vidole ubavuni mwake, palepale alipomshika Madoa, nikabana. Nikasogeza vidole, nikabana tena. Hakukuwa na kitu cha kushika, ni mfupa tu. Vidole vilipoteleza mara ya tatu, aliacha kucheka. Akaishusha sweta polepole, akafunga kamusi.

"Mpigie Chesang," alisema. "Mwambie neno lake ni sahihi."