Springi Nilizopaka Rangi

Mimi Bushiri sipendi kufundishwa kazi. Gerezani nzima, mtaa wetu wa mafundi wa magari, wanajua: ukinisimamia kichwani wakati nafunga injini, utaondoka na gari lako likiwa vipande. Kwa hiyo Ndugu Anaeli aliponiuliza kama gari lake kuukuu la Pijo litahimili injini ya dizeli niliyomwekea, nilimjibu vibaya.

"Springi za mbele nimekuwekea mpya. Unataka nini tena?"

Nilimdanganya. Injini ile ilikuwa nzito, pua ya gari ikainama, na springi ngumu nilizitafuta Kariakoo yote hadi Buguruni nikazikosa. Mwaka ule hata sabuni tuliipangia foleni. Nikaona aibu kusema nimeshindwa. Nikaziosha zilezile za zamani kwa mafuta ya taa, nikazipaka rangi nyeusi zikang'aa.

Jumatatu alfajiri alitaka kumpeleka mkewe, Mektilda, kwao Moshi, akajifungulie kwa mama yake. Mimba ya kwanza, miezi saba. Jumapili tukaamua kulijaribu kabla ya saa nane mchana, maana Jumapili baada ya hapo gari binafsi zilikuwa marufuku barabarani, serikali inabana mafuta. Mektilda alikuwa ametoka kanisani, akafungua mlango wa nyuma.

"Shemeji, wewe tusubiri hapa," nikasema.

"Kesho si nitapanda hilihili, fundi? Acha nilizoee."

Nikaingia mbele, kando ya Anaeli. Mimi, ninayefokea wateja kutwa, nikamwacha apande.

Barabara ya Pugu ilikuwa nyeupe, haina magari. Mwendo wa themanini, shwari. Nilikuwa nimeweka mfuko wa mchanga kwenye buti kusawazisha uzito, na usukani nimeukaza, nikaanza kujipa moyo. Tisini, pua ikaanza kuogelea. Anaeli akacheka, akaisifu injini, akakanyaga hadi mia. Gari likaenda kulia. Akalirudisha, likapitiliza kushoto, na kila alivyolirudisha ndivyo lilivyozidi. Mektilda alishika tumbo kwa mikono miwili. Mbele lilikuwa linakuja lori.

"Usiguse breki! Achia mafuta, shika hivyohivyo."

Nikaushika usukani pamoja na Anaeli. Lori likapita jirani kabisa, upepo wake ukatutikisa. Tukaishia kwenye mchanga wa pembeni.

"Itakuwa upepo tu," Anaeli akasema akihema. "Springi si mpya?"

Ndiyo moja tu ingenitosha. Nikamtazama Mektilda kwenye kioo.

"Si mpya. Ni zilezile, nilizipaka rangi."

Nilidhani Anaeli atanipiga. Alizima injini tu. Mektilda ndiye aliyeuliza, taratibu.

"Fundi, kama leo tusingeyumba, kesho ungetuacha tuende?"

Nikageuka nikamtazama.

"Ningewaacha, shemeji."

Akashuka, akavua viatu vya kanisani, akaanza kutembea kurudi mjini. Anaeli akamkimbilia. Nilimwita Mektilda mara mbili, nikamwomba nimrudishe mimi mwenyewe polepole, mwendo wa mkokoteni. Hakugeuka. Jua la saa saba na nusu, lami inaunguza, na bado aliona heri miguu yake kuliko gari lililopita mikononi mwangu.