Uso wa Fundi wa Zuhali

Siku ile nililala mchana wa Jumapili, si kwa kupenda bali kwa kushindwa. Mvua ilikuwa imeshika Morogoro tangu alfajiri, milima imejifunika, nami nilikaa mbele ya kompyuta nikichora uso mmoja na kuufuta, nikiuchora na kuufuta tena, mpaka vidole vikafa ganzi. Ulikuwa uso wa mwanamke ambaye watu wengi hata hawamkumbuki. Katika Misafara ya Zuhali, hadithi ile ya vyombo vya angani inayopendwa dunia nzima na ambayo mimi nimeipenda tangu utotoni, kuna fundi wa injini anayeonekana kwa muda mfupi tu. Chombo kinaungua, yeye anatoka, anaufunga mlango kwa nje ili wenzake wapone, na hadithi inaendelea bila yeye. Hana hata jina. Mimi na rafiki yangu Lukindo, mashabiki tu tusiotumwa na mtu, tulikuwa tukimtengenezea katuni yake kwa mtindo wa Kijapani, ule wa macho makubwa na nywele zinazopepea pasipo upepo, ili tusimulie kilichompata baada ya mlango kufungwa. Mimi nilichora, Lukindo akatia sauti ya nahodha anayemwita kwa redio. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa picha ya mwisho, pale fundi anapoisikia sauti ile na kugeuka kututazama.

Asubuhi Lukindo alikuja, koti linachuruzika maji, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kuutazama uso uliokuwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Dada Sihaba," akasema, "tuitoe kama ilivyo."

"Uso bado."

"Uso ulikuwa mzuri tangu masika ya mwaka jana. Ukaufuta. Ukachora mwingine mzuri, nao ukaufuta." Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mimi nimechoka. Nimemwita yule mama kwa redio mpaka nikilala namwita. Kama hutaki kuitoa, tafuta mtu mwingine wa kumwita."

Alingoja kidogo, akainuka, akatoka mvuani. Nilirudi kuchora, nikafuta, kisha nikalaza kichwa juu ya mikono nikijiambia kwamba nafumba macho tu.

Nikajiona nimesimama katika nchi ambayo anga yake haijamalizwa kutiwa rangi. Kule mbali ilikuwa ya zambarau iliyoiva, nyota zimemwagwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi, lakini juu ya kichwa changu ilikuwa nyeupe kama karatasi, imekatwakatwa na mistari ya penseli. Ardhi nayo haikuwa udongo. Ilikuwa makombo ya kifutio, ya kijivu, laini, yanayomeza mguu hadi kifundo, hata kila hatua ikawa kama kuvuta gogo. Nikaona mwanamke mnene akija taratibu, kanga begani, akiketi kila baada ya mwendo mdogo kana kwamba dunia yote ni baraza ya nyumba yake. Aliponifikia akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa mzito ajabu.

"Naitwa Uchovu," akasema. "Wengi hunikimbia, mjukuu wangu, lakini wewe umenikimbia muda mrefu mno, ndiyo maana nimekufikia nikiwa na uzito huu. Twende. Sitakuharakisha."

Tukapita kwanza uwanjani kwa Sifa, kijana mtanashati aliyesimama jukwaani akiwarushia watu makofi ya pongezi kama mtu anayetupia kuku mtama. Watu waliyadaka na kuyala, na kadiri walivyokula ndivyo mashavu yao yalivyozidi kubonyea. Nilinyosha mkono nami nidake, lakini Uchovu akaniambia, "Hayashibishi. Ila usimtukane. Zipo asubuhi alizokuamsha kwa kofi moja ukaenda kazini, nami nilikuwepo nikaona." Nikaurudisha mkono. Tukaenda zetu.

Mbele kulikuwa na karakana kubwa juu ya kilima, na ndani yake watu wameinama kwenye meza ndefu, wakichora na kufuta, hakuna anayemtazama mwenzake. Mwenye karakana alikuwa mzee mrefu, kanzu yake nyeupe haina kunyanzi hata moja, akasema jina lake ni Ukamilifu. Akanikaribisha kwa upole, akanivutia kiti. "Kiti chako hiki, binti. Hajakikalia mwingine." Miguu ilikuwa imeniisha nguvu, nami nilikuwa nimekwisha kuinama niketi, Uchovu aliponinong'oneza, "Muulize kwanza ni kazi gani iliyowahi kutoka katika mlango huu."

Nikamuuliza. Mzee akainyoosha kanzu yake, akasema, "Kazi njema haitaki haraka."

"Sikuuliza habari ya haraka, babu. Nimeuliza kazi."

Uchovu akamsogelea bila ukali, akamkunjia mkono wa kanzu, nami nikaona viganja vyake vinatiririka jasho. "Jina lake la nyumbani ni Hofu," akaniambia. "Kanzu hii huivaa akija kwa watu." Sikumchukia yule mzee. Nilimhurumia, kwa kuwa niliwatambua wale walioinama mezani. Wote walikuwa mimi, kila mmoja na nguo niliyowahi kuivaa siku fulani nikichora.

Tulishuka upande wa pili wa kilima hadi kwenye nyumba ndogo ya bati, mlango wazi, harufu ya chai ya tangawizi inatoka ndani. "Hapa ni kwa Huba," akasema Uchovu. "Ndiye aliyekuingiza katika kazi hii, wala hakukuuliza ustadi wako. Wenye hadithi walimsahau mtu, wewe ukamkaribisha. Lakini mgeni aliyekaribishwa haachwi kizingitini."

Kizingitini alikuwa ameketi mwanamke mwenye nguo za kazi, mkono mmoja wa shati umeungua. Hakuwa na uso. Palipostahili kuwa na uso palikuwa na weusi wa penseli uliosuguliwa na kusuguliwa. Nilimjua papo hapo.

"Wewe ndiwe unayenichora?" Sauti ilitoka kifuani mwake.

"Ndiyo, mama."

"Nilipoufunga ule mlango nilidhani mambo yamekwisha. Ukaja ukaniamsha, nami nilifurahi. Lakini kila nikianza kuona, unayafuta macho. Namsikia mtu ananiita, siwezi kugeuka."

"Nilikuwa natafuta uso unaolingana na ujasiri wako."

"Ujasiri ulikuwa wa kufunga mlango," akasema. "Ulitosha kwa hilo, ukaisha. Sasa nimechoka, mwanangu. Wewe hujachoka?"

"Nimechoka, mama. Nimechoka sana."

"Basi tunajuana. Nichore unavyojua."

Nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kuchora kwa kidole. Sikumpa macho makubwa. Nilimpa kope nzito, jicho moja limelegea kuliko jingine, mdomo usiocheka wala kulia, mdomo wa mtu aliyefika nyumbani akakuta hana nguvu ya kuvua viatu. Mkono uliteleza, mstari wa shavu ukaenda kombo, nikanyanyua kiganja niufute. Ndipo Uchovu akaweka mkono wake juu ya wangu, mzito kama mtoto aliyelala, nisiweze kuunyanyua tena. Fundi akavuta pumzi ndefu. Akageukia kule ilikotoka sauti ya kumwita, akasema, "Nipo."

Nikaamka shingo inauma, mate yamenikauka. Nilikaa vile vile kwa muda, na maana ikaniingia polepole, kama mwanga unavyoingia chumbani mtu akiwa bado kitandani. Muda wote ule nilikuwa namchora shujaa, na shujaa alikwisha kuondoka. Aliyebaki nje ya mlango ni mtu aliyemaliza kazi yake. Na Uchovu, niliyemwona adui, niliyempiga vita kwa kahawa na kwa kujilaumu, ndiye peke yake aliyeujua uso wa fundi huyo. Nikauchora kama nilivyouona, jicho lililolegea, shavu la kombo na yote. Kisha nikampigia Lukindo.

"Nimemaliza," nikamwambia.

"Umemaliza kweli, au umemaliza hadi jioni?"

"Kweli. Ana jicho moja limelegea, na shavu limekwenda upande."

"Utalirekebisha?"

"Hapana. Ukija tunaitoa."

Nilimsikia akikaa chini mahali, kitanda au kiti. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa ya nahodha wala ya mtu mwenye kinyongo, ilikuwa ya mtu tu. "Nitakuja kesho, dada. Leo acha nilale."

"Lala," nikasema. "Nami nalala."

Nikaizima kompyuta majirani wakiwa wanawasha majiko ya chakula cha jioni, nikajinyosha kitandani na nguo zangu, na sikuota kitu.