Ekari ya Boito na Bei Mbili

Rodah alikuwa Ireland akiwahudumia wazee wasioweza kujilisha, na kila alichoweka akiba kilikuwa na kazi moja tu: kununua ekari ya chai ya mzee Aron kule Boito, iliyopakana na boma la mama yake. Kimeli, mdogo wake, ndiye aliyepewa idhini ya kumnunulia.

Walipatana milioni tatu. Siku ya kwenda kwa wakili, Aron alimvuta Kimeli kando kabla hawajaingia.

"Kijana yangu, kwa mkataba tuandike laki tisa. Serikali si imekula ya kutosha?"

Kimeli alipiga hesabu. Ushuru wa stempu, unaotozwa kwa bei iliyoandikwa, ungepungua kwa kama elfu arobaini. Alimpigia dada yake simu, naye Rodah akasema kama watu wa huko ndivyo wanavyofanya, basi sawa. Laki tisa zikapitia benki. Zilizobaki Kimeli alimkabidhi Aron mkononi, nyuma ya kituo cha kupimia chai. Hakuomba risiti, maana risiti ndiyo ingewaumbua.

Ikabaki bodi ya ardhi. Shamba la kilimo halihamishwi bila ridhaa ya bodi, na bodi haitoi ridhaa kabla ya kumsikia mke wa muuzaji.

Mwenyekiti, Bwana Bogonko, alikuwa Mkisii asiyejua lugha ya wenyeji, kwa hiyo mambo yaliendeshwa kwa Kiswahili. Alisoma jina la muuzaji, namba ya shamba, jina la mnunuzi, kisha bei. Akamtazama Chepkurui, mke wa Aron, aliyekuwa amekaa na kibeti chake mapajani.

"Mama, unakubali?"

"Soma hiyo bei tena."

"Laki tisa."

Chepkurui alimgeukia mumewe. "Aron, siku hiyo ulikuwa umekunywa?"

Wazee wa bodi wakacheka. Aron hakucheka.

"Mimi ndiye nachuma hiyo chai," Chepkurui akaendelea, sasa akimwambia mwenyekiti. "Najua inaleta nini. Hata shamba la kuokotwa barabarani lingeuzwa zaidi ya hapo. Mimi nimekataa."

Hapo ndipo Kimeli alipoelewa kwamba ile laki tisa haikuandikwa kwa ajili ya serikali. Aron hakuwa amewahi kumtajia mkewe bei ya kweli.

Waliomba dakika chache, wakatoka hadi penye tangi la maji.

"Nyamaza tu," Aron akasema. "Nitaongea na yeye nyumbani, atalegea."

"Na asipolegea, mzee?"

"Basi nakurudishia pesa yenu."

"Ngapi?"

Aron alitazama chini kwenye majani yaliyolowa. "Si iko kwa mkataba," akasema hatimaye. Hakuonekana mtu aliyepanga kudhulumu. Ilikuwa kana kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza anayasikia maneno hayo, na hakuyachukia.

Kimeli alisogea mbali, akampigia Rodah. Ilimchukua muda kupokea. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mzee wa kizungu akiita jina la mtu.

"Mke wa mzee amekataa," Kimeli akamwambia. "Anaona ni bei ya wizi. Hajui ile ya kweli."

"Ukiisema, tutashtakiwa?"

"Sijui. Labda faini. Labda zaidi."

"Na ukinyamaza?"

"Tutarudishiwa laki tisa. Hizo zingine hakuna mahali zimeandikwa, dada."

Yule mzee aliita tena, na Rodah akamjibu kwa Kiingereza cha upole kwamba anakuja. Kisha akasema, "Sema."

Kimeli alirudi ndani, akabaki amesimama. "Bwana mwenyekiti, bei ni milioni tatu. Zote zimelipwa. Hiyo ya kwenye mkataba tuliandika uongo, mimi na mzee."

Bogonko aliweka kalamu mezani. "Unajua umesema nini mbele yangu?"

"Ndiyo, mzee."

Chepkurui hakumtazama Kimeli hata kidogo. "Milioni mbili na laki moja," alimwambia mumewe polepole. "Ziko wapi?"

"Nimeziweka Sigor."

"Sigor wapi?"

"Kwa ploti. Ya duka."

"Kwa jina la nani?"

Aron alivua kofia, akaanza kuikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. Safari hii hakuna mzee aliyecheka.

Bogonko aliahirisha shauri. Waende wakaandike mkataba mpya wenye bei ya kweli, ushuru ulipwe juu ya hiyo, na habari ya ule wa kwanza ataipeleka kwa wanaohusika. Faini ikija, akasema, isimshangaze mtu. Na mama asilazimishwe.

Nje, manyunyu yalikuwa yameanza. Kimeli alimsubiri Chepkurui kwenye ngazi.

"Mama, tutarudi na wewe hapa?"

"Ungenyamaza, ningekataa mpaka nife." Alifunga kitambaa kichwani. "Sasa wacha kwanza nione hiyo Sigor. Ploti ikiandikwa jina langu, nitakuja kusema ndiyo."

"Na isipoandikwa?"

"Basi wewe na Aron mtatafutana mahakamani, na mimi nitamwambia hakimu nilichosikia leo. Milioni tatu. Mwambie dada yako hivyo, asilale vibaya." Akashuka ngazi mbili, akageuka. "Lakini kesho nachuma. Hiyo chai bado ni yangu."